Kufunguka Mara Moja Tu: Antena Kubwa za Kukunjwa za Vyombo vya Angani



Tarehe 11 Aprili 1991 chombo kiitwacho Galileo kilikuwa njiani kuelekea Mshtarii, sayari ambayo wengi wenu mliisoma shuleni kwa jina la Jupita. Siku hiyo wahandisi wa maabara ya JPL, mjini Pasadena, Kalifornia, walikipelekea amri ya kufungua antena yake kubwa. Ilikuwa na upana wa mita 4.8 na mbavu 18 zilizolazwa kuuzunguka mlingoti wa katikati, na juu ya mbavu hizo ulitandwa wavu wa nyaya nyembamba mno. Kwa kifupi, ulikuwa mwavuli. Mota zilitakiwa kuzisukuma mbavu zote kwa pamoja, na kazi yote iishe katika muda wa dakika chache.

Mota zilianza kuzunguka, zikaelemewa, zikasimama. Umeme uliotumika ulikuwa mwingi kupita kiasi. Chombo chenyewe, ambacho kilikuwa kinajizungusha kama pia, kilitakiwa kupunguza kasi mbavu zikienea. Kikapunguza kidogo tu. Na kihisi kimoja cha jua kikaonekana kuzibwa na kitu, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Wahandisi walikaa wakaunganisha dalili hizo wakafikia jibu ambalo hakuna aliyelitaka: baadhi ya mbavu zilikuwa zimeng'ang'ania mlingotini, nyingine zimefunguka, na mwavuli umesimama upande.

Nataka kutetea hoja moja jioni hii. Antena ile haikuharibikia angani. Iliharibikia duniani, barabarani na boharini, miaka kadhaa kabla ya kurushwa. Kule juu ilikwenda kujulikana tu. Nikiitazama historia ya antena za kukunjwa naona mbunifu huumizwa kichwa na anga, ni kweli, lakini mambo yanayomshinda mara nyingi ni ya hapa hapa: uzito wa vitu, vumbi, unyevu, mtikisiko wa lori na kusubiri.

Kabla sijaieleza Galileo vizuri, lazima nijibu swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: kwa nini tujisumbue kukunja? Kwa nini tusirushe dishi zima, gumu, lisilo na bawaba hata moja?

Kazi ya dishi ni kukusanya mawimbi ya redio na kuyaelekeza sehemu moja, au kuyatoa sehemu moja na kuyarusha upande mmoja. Kadiri dishi linavyokuwa pana, ndivyo mwale wake unavyokuwa mwembamba. Hesabu ya haraka ni hii: gawa urefu wa wimbi kwa upana wa dishi, zidisha kwa 70 hivi, utapata upana wa mwale kwa nyuzi. Chukua wimbi la sentimita 20, ambalo linakaribiana na yale yanayotumiwa na simu za setilaiti. Dishi la mita 1 litatoa mwale wa nyuzi 14. Ukisimama kilomita 36,000 juu ya ikweta, mwale huo unamwagika juu ya kilomita elfu nane na zaidi. Umemulika sehemu kubwa ya dunia na hukumfikia mtu yeyote kwa nguvu ya maana. Dishi la mita 12 linaupunguza mwale hadi nyuzi 1 na ushei, eneo la kilomita mia kadhaa tu. Na ukiuongeza upana mara mbili, nguvu unayoikusanya inakuwa mara nne. Hakuna hila ya kompyuta inayokwepa hesabu hiyo.

Sasa tazama roketi. Ariane 5, iliyokuwa miongoni mwa roketi kubwa za kibiashara za zama zake, ilikuwa na kichwa chenye upana wa mita 5.4 kwa nje, na nafasi ya mzigo ndani yake ilikuwa mita 4.57. Dishi la mita 12 haliingii humo hata ulilaze vipi. Ndiyo sababu ya kukunja.

Kisa cha kwanza kikubwa cha ufundi huu kina uhusiano na eneo letu ambao watu wengi hawaujui. Mei 30, 1974 Marekani ilirusha setilaiti ya ATS-6 ikiwa na kiakisi cha mita 9.1. Mbavu zake 48 za alumini zilikuwa bapa na zenye kunyumbulika, zikazungushwa kukizunguka kitovu pamoja na wavu wake wa nyuzi za dakroni zilizopakwa shaba, mpaka kitu chote kikawa kama tairi nene lenye upana wa mita 2 hivi. Kilichozifungua si mota. Ulikuwa mkazo wa mbavu zenyewe: ukikata kifungo, chuma kilichopindwa kinatafuta kunyooka.

Mwaka uliofuata setilaiti hiyo ilihamishwa hadi longitudo ya nyuzi 35 mashariki. Ukifuata longitudo hiyo hadi ikweta unatua magharibi mwa Kenya, mashariki kidogo ya Ziwa Viktoria. Hapo juu, kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976, ATS-6 ilitulia ikirusha vipindi vya televisheni vya kilimo, afya na elimu. Havikuwa vyetu. Uso wa antena ulikuwa umeelekezwa India, kwa vijiji karibu 2,400 katika majimbo sita, Rajasthan na Bihar yakiwemo. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Mtu aliyekuwa anavua samaki Kisumu mwaka ule alikuwa karibu chini kabisa ya mtambo mkubwa wa matangazo kuliko wowote uliowahi kuwekwa angani, na hakuona wala kusikia kitu.

Lakini angalieni kule vijijini India walipokea kwa kifaa gani. Walipokea kwa madishi ya mita 3 yaliyotengenezwa kwa wavu wa waya wa mabanda ya kuku. Mafundi wa kawaida waliyafunga, mengine kwenye vijiji visivyofikika kwa urahisi. Hiyo ndiyo faida yenyewe ya kiakisi kikubwa cha angani: ukubwa lazima uwepo upande mmoja wa mawasiliano, na ukiubeba upande wa juu, wa chini anapumua. Miaka 25 baadaye kampuni ya Thuraya ya Falme za Kiarabu iliifikisha hoja hiyo mwisho wake. Oktoba 2000 ilirusha setilaiti yake ya kwanza ikiwa na kiakisi cha mita 12.25, na kifaa cha kupokelea huku chini kikawa simu ya mkononi. Wanaofanya kazi jangwani na baharini wanazifahamu simu hizo.

Niseme sasa juu ya wavu wenyewe, kwa sababu ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote na hakuna anayeuulizia.

Viakisi vingi vya kukunjwa vya siku hizi vina uso wa nyaya za molibdeni zilizopakwa dhahabu. Unene wa waya ni kama sehemu tatu za mia za milimita, mwembamba kuliko unywele. Wavu haufumwi kama kitambaa cha kanga, nyuzi za wima na za mlalo zikipishana. Unasukwa kwa vitanzi, kwa mashine za aina ile ile inayotengeneza vitambaa vya nailoni vinavyovutika. Sababu ni kwamba wavu wa vitanzi unavutika pande zote, haukai na mikunjo baada ya kufungwa miezi au miaka, na kitanzi kimoja kikikatika haufumuki wote. Molibdeni imechaguliwa kwa kuwa ina nguvu na haitanuki sana kwenye joto. Dhahabu imechaguliwa si kwa fahari. Pale vitanzi vinapogusana, umeme lazima upite bila kusita. Mguso ukiwa na kutu au uchafu, mawimbi mawili yanayotoka huzaana yakatoa la tatu ambalo hukulirusha, na likiangukia kwenye masafa unayosikilizia, mpokeaji wako amezibwa masikio na antena yake mwenyewe.

Je, matundu hayavujishi mawimbi? Yanavujisha kidogo sana, ilimradi tundu liwe dogo mara nyingi kuliko urefu wa wimbi. Wimbi la sentimita 35 la ATS-6 liliuona wavu wa kuku kama bati. Ukienda kwenye mawimbi ya sentimita 1 inabidi vitanzi viwe vidogo na kubana zaidi, na wavu unaanza kuwa mzito na mkaidi.

Kuna mtihani mwingine mgumu zaidi ya matundu, nao ni umbo. Uso wa kiakisi ni parabola, na kila mahali unapokosea umbo, mawimbi yanafika kitovuni kwa nyakati tofauti na kuuana. Mhandisi Mmarekani John Ruze aliandika mwaka 1966 hesabu ambayo bado tunaitumia kila siku. Kosa la wastani likiwa sehemu moja ya ishirini ya urefu wa wimbi, unabaki na asilimia 67 ya nguvu yako. Likiwa sehemu moja ya hamsini, unabaki na asilimia 94. Kwa wimbi la sentimita 20, sehemu ya hamsini ni milimita 4. Kwa wimbi la sentimita 1 ni sehemu mbili za kumi za milimita. Hebu fikirini: kitu kipana kuliko ukumbi huu, kilichotengenezwa kwa nyaya za kunyumbulika, kilichokunjwa kwa miaka, kinatakiwa kujifungua peke yake na kukaa kwenye umbo lake bila kukosea zaidi ya unene wa karatasi mbili tatu. Kisha kinaingia kwenye kivuli cha dunia, baridi inashuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri, kinatoka tena juani, na bado umbo lisibadilike. Ndiyo maana fremu zake hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo zikipangwa vizuri karibu hazitanuki wala kusinyaa.

Namna nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ya kulipata umbo hilo ni ile ya pete. Kampuni ya Astro Aerospace ya Carpinteria, Kalifornia, iliitengeneza, na Thuraya ya kwanza ndiyo iliyoirusha. Hakuna mbavu kutoka katikati. Kuna pete ya vijiti vinavyoungana kwa bawaba, na ndani ya pete nyavu mbili za kamba zenye umbo la kuba, moja ya mbele na moja ya nyuma, zikitazamana migongo. Kamba fupi zenye springi zinazivuta nyavu hizo zikaribiane. Kila wavu umegawanywa kwa pembetatu bapa, na wavu wa nyaya za dhahabu umelazwa juu ya pembetatu za mbele. Pembetatu bapa haziwezi kuwa parabola kamili, lakini zinakaribia: ukipunguza urefu wa ubavu wa pembetatu kwa nusu, kosa linapungua hadi robo. Mbunifu anachagua ukubwa wa pembetatu kwa kuangalia urefu wa wimbi, basi.

Kufunguka kwake kunapendeza kutazama. Pete ikiwa imefungwa, vijiti vyote vimesimama vikibanana kama mzigo wa kuni. Kamba moja inapita katika vijiti vya mshazari vya pete nzima. Mota inaivuta taratibu, mishazari inafupika, na kila chumba cha pete kinatanuka sawa na jirani yake. Mtu atasema mwavuli una viungo vichache kuliko pete, kwa hiyo ni salama zaidi. Sikubali. Idadi ya viungo haitoshi kukupa hukumu. Tazama kila kiungo kina akiba ya nguvu kiasi gani kuushinda ukaidi wake, na kikigoma kimoja nguvu ya vingine inakifikia au haikifikii. Desturi ya kazi yetu ni kukipa kila kiungo angalau nguvu maradufu ya ile inayohitajika. Hesabu hiyo ina maana tu kama unajua msuguano utakuwa kiasi gani siku ya siku.

Hapo ndipo Galileo ilipoanguka.

Mbavu zake zilikuwa zimeshikizwa kwenye mlingoti, karibu na katikati ya urefu wake, kwa pini ndogo za titani zilizokaa kwenye vishimo vya chuma cha nikeli. Ziliwekwa hapo ili mbavu zisipigepige wakati roketi inanguruma. Kila pini ilipakwa kilainishi kikavu cha molibdeni na salfa. Kilainishi hicho ni kizuri sana kwenye ombwe, ambako mafuta ya kawaida yangetoka mvuke. Katika hewa yenye unyevu kinachakaa upesi. Yaani kimetengenezwa kwa ajili ya anga, na kabla ya kufika huko kinapaswa kustahimili dunia.

Galileo ilikuwa irushwe Mei 1986. Januari 28 mwaka huo chombo cha Challenger kililipuka na kuua wanaanga wote saba, na safari zote zikasimama. Galileo ikapakiwa kwenye lori kutoka Florida kurudishwa Kalifornia, kama kilomita 4,000, ikakaa, kisha ikapakiwa tena kwenda Florida. Kila kilomita ya barabara pini zilisugua vishimo vyake, na zilizosuguliwa zaidi ni za mbavu zilizokuwa karibu na kitako cha lori. Kusafirisha kwa ndege kungeongeza kiasi cha dola 65,000 kwa safari moja. Kilainishi kililika, na hakikupakwa upya. Ikarushwa Oktoba 18, 1989. Kwa kuwa roketi ya kuisukuma moja kwa moja ilikuwa imefutwa baada ya ajali, ilibidi ipitie Zuhura kuchukua kasi, karibu na jua, na antena ikabaki imefungwa nyuma ya kinga ya joto kwa mwaka mmoja na nusu zaidi.

Metali mbili zikiwa hewani zina utando mwembamba wa oksidi unaozitenganisha. Ukikwanguliwa kwenye ombwe haurudi. Chuma kinakutana na chuma kitupu, vinaumana. Pini zile zilikuwa zimeshaumwa.

Wahandisi walijaribu kila kitu. Waligeuza chombo kiwe kivulini, kisha juani, ili mlingoti usinyae na kutanuka. Walikizungusha kwa kasi zaidi. Mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993 waliziwasha na kuzizima mota zaidi ya mara 13,000, kama mtu anayegonga mlango wenye kutu. Mbavu hazikutoka. Wakakubali kuishi na antena ndogo.

Hasara yake ipimwe kwa picha. Kamera ya Galileo ilitoa picha ya nukta 800 kwa 800, kila nukta biti 8, jumla biti milioni 5.12. Antena kubwa ingerusha biti 134,000 kwa sekunde kutoka Mshtarii. Picha moja, sekunde 38. Antena ndogo, kwa hali iliyokuwa nayo awali, ingerusha kama biti 10 kwa sekunde. Picha ile ile, karibu siku sita. Waliokoa safari kwa kuandika upya programu za chombo kikiwa njiani, kubana picha, kuzihifadhi kwenye kinasa cha utepe, na kuunganisha madishi makubwa ya Australia na Marekani yasikilize kwa pamoja. Wakafika hadi biti 160. Galileo iliingia katika mzunguko wa Mshtarii Desemba 7, 1995 na ikafanya kazi hadi Septemba 2003. Ni ufundi wa kuvua kofia. Lakini ulifanywa ili kufidia kilainishi kilicholika kwenye pini.

Warusi walipata bahati ya kuwa na mtu karibu. Mwaka 1979 kituo cha Salyut 6 kilifunguliwa antena ya mita 10, KRT-10. Agosti 9, walipotaka kuitupa, wavu wake ulinasa nyuma ya kituo, ukaziba mlango wa kuegeshea vyombo. Siku sita baadaye mwanaanga Valery Ryumin alitoka nje akaukata kwa koleo, akausukuma kwa mguu. Setilaiti nyingine zote tunazozungumzia hazina Ryumin. SkyTerra 1 iliyorushwa Novemba 2010 na kiakisi cha mita 22 iligoma mwanzoni, ikafunguka Desemba. ViaSat-3 ya kwanza, iliyorushwa Aprili 2023, kiakisi chake hakikufunguka inavyotakiwa, na wenyewe walitangaza kwamba itafikia chini ya asilimia 10 ya uwezo uliokusudiwa.

Mtauliza: kwa nini wasiijaribu vizuri kabla ya kuirusha? Wanaijaribu. Tatizo ni kwamba chumba cha majaribio kina uzito wa vitu na anga halina. Kiakisi cha mita 12 kimetengenezwa kiwe chepesi mno, na duniani hakiwezi kujibeba. Inabidi kining'inizwe kwa kamba nyingi zenye mizani au maputo, na kamba hizo zinasaidia pale ambapo hazikutakiwa kusaidia na kuzuia pale ambapo hazikutakiwa kuzuia. Kupima umbo, wanakipima kikiwa kimeelekea juu, kisha wanakipindua wakakipima kimeelekea chini, halafu kwa hesabu wanatafuta umbo lililo katikati ya hayo mawili, ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuliona. Na kila jaribio la kufungua na kufunga linakula sehemu ya uhai wa kile kile unachokijaribu. Ukijaribu mara chache hujui; ukijaribu mara nyingi umechakaza.

Kwa hiyo mradi ninaousifu zaidi katika miaka ya karibuni ni ule uliokubali kuchelewa. NISAR ni setilaiti ya rada ya Marekani na India kwa pamoja, yenye kiakisi cha pete cha mita 12. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa Bengaluru, karibu tayari kurushwa, wahandisi walipoona kwamba kiakisi, kikiwa kimekunjwa na jua likikipiga, kingeweza kupata joto kubwa kuliko kinavyoweza kuvumilia. Kiakisi kikang'olewa, kikarudishwa Kalifornia, kikapakwa tabaka la kurudisha mwanga. Safari ikasogea zaidi ya mwaka. Mtu angeweza kuiona kama aibu. Mimi naiona kama siku ambayo mtu alisoma habari za Galileo akazielewa. Julai 30, 2025 NISAR iliruka kutoka Sriharikota. Mkono wa mita 9 ulinyooka kiungo kwa kiungo kwa siku kadhaa, na Agosti 15 boliti ndogo za baruti zilikata kifungo, kiakisi kikaanza kuchanua chenyewe, kisha mota na kamba zikakivuta hadi kikajifunga. Vijiti 123, wavu wa dhahabu, jumla ya kilo 64 hivi.

Miezi mitatu kabla yake, Aprili 29, 2025, Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti ya Biomass kutoka Kourou, nayo ikafungua kiakisi chake cha mita 12. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 70. Linapenya majani na kurudishwa na mashina na matawi makubwa, kwa hiyo linaweza kukadiria ni mbao kiasi gani zimesimama katika msitu. Ulaya na Amerika Kaskazini haliruhusiwi kutumika, lisije likaingilia rada za kijeshi. Misitu ya Kongo iko wazi kwake. Nayo setilaiti ya SMAP, iliyorushwa Januari 2015, ina kiakisi cha mita 6 kinachozunguka mara 14.6 kwa dakika, na inapima unyevu wa udongo karibu dunia nzima kila baada ya siku mbili au tatu. Rada yake ilikufa Julai ya mwaka huo huo. Kiakisi na kipokezi chake viliendelea. Takwimu zake ni za bure, na wanaofuatilia ukame wa Pembe ya Afrika wanazitumia. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyotengeneza wavu huo, lakini kinachopimwa ni mashamba yetu na misitu ya jirani zetu.

Namalizia kwa ombi, na ninalielekeza kwa wakuu wa vitivo vya uhandisi waliopo hapa. Somo la msuguano, uchakavu na vilainishi tunalifundisha kwa wiki mbili, mwishoni mwa muhula, wanafunzi wakiwa wameshachoka na mitihani iko mlangoni. Lipeni muhula wake kamili, na maabara yake, yenye pampu ya ombwe na chumba cha kudhibiti unyevu. Vifaa hivyo si ghali kwa chuo kikuu. Wanafunzi wasugue titani kwa nikeli, kwanza hewani, kisha kwenye ombwe, wapime wenyewe nguvu inayohitajika kuvitenganisha.